Faridkot Vala Tika: Kitabu cha Raja, cha Giani au cha Jopo?

Ufafanuzi wa kwanza uliochapishwa ambao unaipitia Guru Granth Sahib, maandiko matakatifu ya Wasikh, yote, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa 1430, haujulikani kwa jina la mtu. Wasikh wanauita Faridkot Vala Tika, yaani ufafanuzi wa Faridkot, na Faridkot ilikuwa milki ndogo ya Punjab iliyotawaliwa na raja chini ya ulinzi wa Waingereza. Raja mwenyewe hakuandika. Mswada ulitoka mkononi mwa Giani Badan Singh wa Sekhvan, ukapitiwa na kusahihishwa na jopo la wanazuoni ambao miongoni mwao alikuwamo Baba Sumer Singh wa Patna, ukagharimiwa na Raja Bikram Singh, na hatimaye ukapigwa chapa katika juzuu 4 baada ya raja huyo kufariki. Kisa kinachochambuliwa hapa ni kile cha jina: katika kazi iliyopita mikono mingi namna hiyo, nani aitwe mwandishi, na jibu linambadilishia nini msomaji anayeifungua leo ili aelewe ubeti mmoja?

Maoni yangu ni kwamba swali hili limejibiwa kwa haraka na pande zote mbili. Wanaouheshimu ufafanuzi huu wameufanya kuwa sauti ya Wasikh wote wa karne ya 19, na wanaoupinga wameufanya kuwa sauti ya madhehebu. Katikati ya hizo mbili amepotea mtu aliyekaa na kalamu, na pamoja naye imepotea njia ya kuuhoji ufafanuzi wenyewe kwa haki.

Ajabu ya kisa hiki ni kwamba kimetokea katika dini ambayo maandiko yake yana uangalifu mkubwa sana kuhusu nani alisema nini. Guru Arjan alipoyakusanya mwaka 1604, alikabiliwa na tatizo ambalo lingemshinda mhariri yeyote asiye makini: Maguru, yaani viongozi wa dini hiyo, waliomtangulia, na yeye mwenyewe, wote walikuwa wakitia sahihi mashairi yao kwa jina moja, Nanak. Ufumbuzi ulikuwa kuweka kichwa juu ya kila utungo kinachotaja Mahala na namba, ambapo Mahala wa 1 ni Guru Nanak, wa 3 ni Guru Amar Das, wa 5 ni Guru Arjan, na kadhalika, mpaka wa 9, Guru Tegh Bahadur, ambaye tungo zake ziliingizwa baadaye. Watunzi wasiokuwa Maguru, kama Kabir mfumaji, Ravidas wa jamii ya watengeneza ngozi, Namdev na Sheikh Farid aliyekuwa sufi wa Kiislamu, nao wamewekwa kila mmoja kwa jina lake. Msomaji wetu aliyewahi kusimama Makindu kwenye hekalu la Makalasinga lililojengwa na wafanyakazi wa reli mwaka 1926 amekikaribia kitabu hichohicho, kwa kuwa ndicho kinachokaa juu ya kiti cha enzi katika kila hekalu lao popote duniani.

Uangalifu huo una maana kubwa kuliko adabu ya kumpa mtu haki yake. Katika beti za Farid, ambazo zinakaribia mwisho wa kitabu, kuna ubeti wa 119 ambamo mtunzi anasema kwamba mwili wake unawaka kama tanuri na mifupa yake inateketea kama kuni, na kwamba miguu ikichoka atatembea kwa kichwa, mradi akutane na mpenzi wake. Ubeti unaofuata unajibu: usiuchome mwili kama tanuri, usiichome mifupa kama kuni, kichwa na miguu vimekukosea nini? Mtazame mpenzi aliyemo ndani yako. Anayesoma mbiombio atadhani Farid amejisahihisha, kwamba alianza na zuhudi ya kujitesa akaishia na utulivu. Lakini ubeti huo wa pili unarudi tena katika ukurasa wa 1411, safari hii miongoni mwa beti za Guru Nanak, na hapo wafafanuzi wanapata uthibitisho kwamba Guru ndiye anayezungumza na Farid kuvuka karne tatu. Kinachosomwa ni mazungumzo ya watu wawili, na ukiondoa majina yao unabaki na mtu mmoja anayeyumba. Ndani ya kundi hilo la beti 130, tungo 18 ni za Maguru, zimepandwa katikati ya za Farid kama maelezo ya pembeni yaliyopandishwa hadhi yakawa maandiko. Kwa hiyo ufafanuzi ulianza ndani ya kitabu chenyewe, ukiwa na majina.

Sasa turudi Faridkot. Chanzo cha kazi ile kilikuwa hasira. Ofisi ya serikali ya Uingereza iliyosimamia India ilikuwa imemwajiri Ernest Trumpp, Mjerumani mtaalamu wa lugha aliyewahi kufanya kazi na wamisionari, ili aitafsiri Granth kwa Kiingereza. Alifika Lahore mwaka 1870, na kitabu chake kilitoka London mwaka 1877 kikiwa na sehemu tu ya maandiko pamoja na utangulizi mrefu ambao uliwachoma Wasikh kuliko tafsiri yenyewe. Trumpp aliona kitabu hakina mpangilio, mawazo yake ni hafifu, na walezi wake hawakielewi; alisema waziwazi kwamba magranthi, wasomaji wa kitabu hicho hekaluni, aliowauliza hawakumfaa kitu. Inasimuliwa hadi leo kwamba alivuta sigara mbele ya kitabu kitakatifu. Iwe ilikuwa hivyo au imeongezwa chumvi, kudumu kwa simulizi hiyo kunaonyesha jinsi alivyopokewa.

Wasomaji wa Kiswahili wanajua mkondo wa mambo kama haya. Godfrey Dale, mmisionari wa Unguja, alipotoa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, jibu la Waislamu wa Sunni lilichukua miongo kadhaa mpaka mwaka 1969, ilipotoka ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, na jibu hilo lilikuwa na jina la mtu juu yake, mtu aliyejulikana Unguja na Mombasa, ambaye ungeweza kumfuata ukamuuliza. Jibu la Wasikh kwa Trumpp lilitoka na jina la mahali.

Viongozi wa Kisikh walimwendea Raja Bikram Singh, aliyezaliwa mwaka 1842 na kutawala tangu mwaka 1874, wakamwomba agharimie ufafanuzi ambao jumuiya ingeukubali. Alikubali, na kazi ikakabidhiwa Badan Singh. Mwaka 1883 mswada ulikuwa tayari. Hapo ndipo ungetegemea upelekwe kwenye mashine, lakini haukupelekwa; ulipelekwa kwa jopo la kuukagua, Baba Sumer Singh akiwa mtu mashuhuri kati yao. Huyu alikuwa mshairi, mzao wa Guru Amar Das, na msimamizi wa Takht ya Patna, moja ya vituo vikuu vya dini hiyo, mahali alipozaliwa Guru Gobind Singh. Jopo lilisahihisha, mswada ukarudi, miaka ikapita. Bikram Singh alifariki mwaka 1898. Mwanawe Balbir Singh ndiye aliyeufikisha kiwandani mwanzoni mwa karne ya 20, naye akafariki mwaka 1906. Kati ya kalamu kukauka na wino wa chapa kulipita zaidi ya miaka 20, na muda huo una uzito katika uamuzi wetu kama nitakavyoonyesha.

Jina la Faridkot nalo halikuwa jina tulivu. Singh Sabha ya kwanza, jumuiya ya mageuzi ya Kisikh, iliundwa Amritsar mwaka 1873, na ya Lahore ikafuata mwaka 1879. Zilianza kama ndugu zikaishia kuvutana: Amritsar walikuwa karibu na watu wa nasaba za Maguru na wenye milki, Lahore walikuwa walimu na watu wa vyuo waliotaka kuisafisha dini kutokana na desturi walizoziona za Kihindu. Bikram Singh alikuwa mlezi wa Khalsa Diwan ya Amritsar, baraza la upande huo. Ugomvi ulifika mahali ambapo Profesa Gurmukh Singh wa Lahore alitengwa na jumuiya kwa tamko la mwaka 1887. Kwa hiyo msomaji wa Lahore aliyeona neno Faridkot kwenye jalada hakuona jina la mji tu, aliona upande. Sijui kama Badan Singh alipokuwa akiandika maelezo ya ubeti wa kwanza wa Japji, sala inayofungua Granth, alijihesabu kuwa mtu wa upande, lakini jina la mfadhili lilimhesabu.

Tunafika kwenye kiini: Badan Singh alikuwa mwandishi wa namna gani? Cheo chake, giani, ni cha mtu aliyeyasoma maandiko kwa mwalimu, naye mwalimu kwa mwalimu wake, kwa namna ambayo sisi tungeiita silsila. Mahali pa ufafanuzi katika mfumo huo palikuwa darsa, mbele ya watu waliokaa chini, ubeti ukisomwa kisha ukafunguliwa. Maana ilikuwa amana. Giani aliyesema “nimevumbua maana mpya ya ubeti huu” hangepata sifa. Angeulizwa ameitoa kwa nani. Pamoja na maana, silsila ilirithisha pia visa vya chimbuko, uthanka kama wanavyoviita: Guru alikuwa mji gani, nani alimwuliza nini, ndipo utungo huu ukatoka. Visa hivi vimejaa katika ufafanuzi wa Faridkot, na havina mwandishi kwa maana yoyote ya kawaida. Ni mali ya darsa.

Ukiongeza kwamba kazi ile imesimama katika mapokeo ya Nirmala, picha inakamilika. Wanirmala ni wanazuoni wa Kisikh ambao, kwa mapokeo yao wenyewe, wanatokana na watu watano waliotumwa na Guru Gobind Singh kwenda Banaras kujifunza Kisanskrit. Walizama katika falsafa ya Kihindu ya Vedanta, wakawa walimu wa Wasikh kwa vizazi vingi, na wakafadhiliwa na watawala wa Patiala, Nabha na Jind. Lugha ya ufafanuzi wa Faridkot ni lugha yao: mchanganyiko wa Kibraj na Kipunjabi ulioandikwa kwa hati ya Gurmukhi, mgumu hata kwa Mpunjabi wa leo, uliojaa misamiati ya brahm, maya na ujinga unaofunika nafsi.

Hata hivyo si kweli kwamba wafafanuzi wa zamani wote walijificha nyuma ya silsila, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba kutafuta mwandishi ni kuwapachika watu wale mawazo ya Ulaya. Santokh Singh, mshairi wa Kaithal, aliandika ufafanuzi wake wa Japji mwaka 1829 akaupa jina Garab Ganjani, maana yake mvunja kiburi, na kiburi alichokusudia kukivunja kilikuwa cha mtu anayejulikana: Anandghan, mfafanuzi wa madhehebu ya Udasi aliyemtangulia, ambaye maelezo yake Santokh Singh aliyaona yanamshusha Guru. Katika mabishano jina lilihitajika, la anayeshambulia na la anayeshambuliwa. Wakati mwingine jina lilitumika kinyume, kama muhuri wa kuazima. Gian Ratnavali, ufafanuzi wa utenzi wa kwanza wa Bhai Gurdas, umeandikwa kwa jina la Bhai Mani Singh, shahidi aliyeuawa Lahore katika miaka ya 1730, lakini maandishi yanamtaja Mani Singh kama mtu anayeombwa na kusikilizwa, dalili kwamba kalamu ilikuwa kwa mwingine. Na utenzi wa Bhai Gurdas wenyewe una kisa chake: Gurdas aliyekuwa mwandishi wa Guru Arjan alifariki katika miaka ya 1630, ilhali katika tenzi zinazochapishwa kwa jina lake, ule wa 41 unamsifu Guru Gobind Singh, ambaye alizaliwa mwaka 1666. Ni Gurdas mwingine. Majina mawili yaliyofanana yaliunganishwa na mapokeo, na ilibidi mtu ahesabu miaka ili kuwatenganisha.

Kwa hiyo desturi za jina zilikuwa nyingi na watu wa mapokeo walizijua zote. Kilichotokea Faridkot ni kipya: jina lilitolewa kwa taasisi inayolipa. Katika darsa, hilo lisingewezekana, maana aliyelipia mkeka hakuitwa mwalimu. Chapa ndiyo iliyolileta, kwa kuwa kuichapa Granth nzima pamoja na maelezo yake ni gharama ambayo giani hangeimudu maisha yake yote, na jalada lina nafasi ya jina.

Tuutazame ukurasa wenyewe kwa karibu. Ubeti umewekwa, kisha maelezo yanaanza kwa nathari, kifungu kwa kifungu. Mara nyingi maana ikishatolewa linakuja neno athva, yaani “au”, kisha maana ya pili, pengine athva nyingine na maana ya tatu. Maana hizi hazipimwi uzito. Hakuna anayesema ya kwanza ni bora, wala kwamba ya tatu ni ya mwalimu fulani. Kwa mtu wa darsa, hilo ni utajiri: maneno ya Guru ni bahari, na giani anaonyesha vina vyake. Kwa msomaji aliye peke yake na kitabu, athva ile ni kitendawili. Je, ni Badan Singh anayetoa maana tatu alizofundishwa? Je, maana ya pili imeongezwa na jopo lililotaka kulainisha ya kwanza bila kuifuta? Ukurasa haumtofautishi anayeandika na anayesahihisha. Guru Arjan alihakikisha kwamba Farid na Nanak hawachanganyikani hata wanapotumia tanuri lilelile. Chapa ya Faridkot iliwachanganya Badan Singh na wakaguzi wake katika sentensi moja.

Miongo mitatu baada ya chapa hiyo kukatokea mtu aliyeona kwamba athva zimezidi. Sahib Singh alizaliwa mwaka 1892 katika nyumba ya Kihindu, akaingia Khalsa, jumuiya ya Wasikh waliokula kiapo, akiwa mwanafunzi, akasoma Kisanskrit, akafundisha katika Khalsa College ya Amritsar. Mwaka 1939 alichapisha sarufi ya lugha ya Granth, na hoja yake, kwa kifupi, ilikuwa kwamba alama ndogo za irabu mwishoni mwa maneno, ambazo wasomaji hawazitamki na magiani wengi hawakuzitilia maanani, zinabeba sarufi. Neno lilelile la “guru” likiishia na alama ya u ni mtenda, umoja. Likiishia na alama ya i ni “kwa njia ya Guru” au “ndani ya Guru”. Lisipokuwa na alama linaweza kuwa “wa Guru”. Ukiufuata utaratibu huo, maana mbili kati ya tatu za ubeti mara nyingi zinaanguka zenyewe, kwa kuwa irabu haziziruhusu. Kwa msingi huo aliandika ufafanuzi wa Granth yote katika juzuu 10 zilizotoka kati ya mwaka 1962 na 1964, juu yake jina lake.

Tofauti ya kazi hizi mbili inaelezwa kwa kawaida kama ya mapokeo na usasa, na sioni kama hapo ndipo mkazo unapostahili kuwekwa. Sahib Singh naye alirithi mengi. Tofauti inayonigusa ni kwamba anatoa kanuni, kwa hiyo anaweza kukosolewa. Wapinzani wake wamekusanya mahali ambapo irabu hazifuati kanuni yake na kumwuliza kwa nini hapa ameiacha. Wanajua wa kumwuliza na wanajua cha kumwuliza. Ufafanuzi wa Faridkot huwezi kuupinga hivyo. Ukisema maana hii haifai, utaambiwa soma ya pili. Ukisema ya pili ni ya Vedanta, utaambiwa hayo ndiyo mapokeo. Na mapokeo hayana anwani.

Kuna njia ya kati, nayo inastahili kutajwa ijapokuwa kwa ufupi. Kati ya mwaka 1936 na 1941 ilitoka Shabadarth, kazi ya kikundi ambamo Teja Singh alikuwa mtu mkuu, ikiwa na maandiko upande mmoja na maelezo mafupi ya maneno upande wa pili. Hii pia ilikuwa ya wengi, na pia haikutangaza jina. Lakini ilijizuia: inaeleza neno gumu, inadokeza rejeo, inanyamaza. Kazi ya kikundi inayosema kidogo haina haja kubwa ya mwandishi kama ile inayosimulia, inayohubiri na kuchagua falsafa.

Shutuma kubwa dhidi ya ufafanuzi wa Faridkot ni hiyo ya Vedanta, kwamba uliisoma Granth kwa miwani ya Kihindu. Shutuma ina ukweli, lakini imeelekezwa vibaya, na kosa la kuielekeza linatokana moja kwa moja na jina. Kwa kuwa kitabu kilitoka mwanzoni mwa karne ya 20, kinahukumiwa kama kitabu cha wakati huo, wakati ambao Kahn Singh Nabha alikuwa ameshachapisha, mwaka 1898, kijitabu kinachotangaza kwamba Wasikh si Wahindu, na Max Arthur Macauliffe alikuwa anakamilisha juzuu 6 zilizotoka Oxford mwaka 1909 baada ya kuzipitisha mbele ya wanazuoni wa Kisikh. Katika mazingira hayo giani anayefasiri kwa Vedanta anaonekana mkaidi, mtu aliyesikia hoja akaipuuza. Lakini Badan Singh alimaliza mwaka 1883. Wakati huo Singh Sabha ya Lahore ilikuwa na miaka minne, na elimu ya juu ya maandiko ya Kisikh ilikuwa karibu yote mikononi mwa watu kama yeye. Hakupuuza hoja, ilikuwa bado haijawekwa mezani. Waliokuwa na nafasi ya kuiona ni waliochapisha, na wao walikuwa wanatimiza ahadi ya marehemu raja, hawakuwa wanaandika upya. Basi tarehe ipi ni ya kitabu? Ukisema ni ya mwandishi, Badan Singh anapata utetezi wa haki. Ukisema ni ya Faridkot, anapokea lawama za miaka ambayo hakuandika.

Kuna kejeli nyingine ndani yake. Trumpp alikuwa amedai kwamba mawazo ya Granth ni ya Kihindu tu yaliyovishwa lugha ya kienyeji. Wasikh walikasirika, wakaagiza jibu, na jibu likaandikwa kwa istilahi za falsafa ileile ambayo Trumpp angeitaja kuwa ushahidi wake. Wanaouchukulia ufafanuzi huu kama sauti ya jumuiya wanalazimika kusema kwamba jumuiya yote ilikubaliana na Trumpp bila kujua. Ukiuchukulia kama kazi ya mwanazuoni mmoja wa mapokeo ya Nirmala, iliyopitiwa na watu wa duara lake, mkanganyiko unapungua: jumuiya iliomba jibu, na aliyekuwa na uwezo wa kujibu alijibu kwa elimu aliyokuwa nayo.

Uamuzi wangu, basi, ni huu. Bikram Singh ni mfadhili, na anastahili shukrani za mfadhili. Kumwita mwandishi, hata kwa njia ya jina la milki yake, ni kumpa lawama na sifa zisizo zake. Jopo ni wahariri wenye mamlaka, na kwa kuwa walibadilisha bila kuacha alama, lazima wabebe sehemu ya dhima ya kila sentensi. Badan Singh ni mwandishi wa mswada. Anayesema kwamba giani hakuwa mwandishi kwa sababu alipokea kila kitu kutoka kwa walimu wake anasahau kwamba kuandika ufafanuzi wa kurasa 1430 ni kuchagua katika kila mstari: kipi kitangulie athva, kipi kifuate, kisa kipi kisimuliwe na kipi kiachwe. Silsila haichagui, mtu huchagua. Kama darsa ilikuwa bahari, kuna mtu aliyechota.

Jambo hili lina matokeo ya kila siku. Idara ya Lugha ya Punjab iliutoa tena ufafanuzi huu mwaka 1970, kwa jina lilelile la zamani. Sasa programu za kusomea Granth kwenye simu zinamruhusu mtu kugusa ubeti na kupata maelezo kadhaa chini yake. Moja limeandikwa Sahib Singh, jingine limeandikwa Faridkot. Maelezo hayo mawili yakipishana, kijana wa Kisikh wa Nairobi au Birmingham anaona mtu mmoja upande huu na nchi nzima upande ule, na hana namna ya kujua kwamba upande ule nao alikuwapo mtu mmoja, pamoja na wakaguzi wake, aliyekuwa na walimu wake, lugha yake na wakati wake. Kurekebisha hilo hakuhitaji utafiti mpya wala ruhusa ya mtu. Inatosha anayeunakili aandike hivi: Badan Singh wa Sekhvan na jopo, mswada wa 1883, kwa gharama za Faridkot.